Majeshi Yote Mawili Yalikimbia

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, wala si kwa woga. Jina lake hubadilishwa kila anapoingia mtawala mpya, na nisingependa msomaji anunue ramani bure. Inatosha kujua kwamba ni nchi yenye amani, utulivu na umeme wa zamu, na kwamba imepakana, ukivuka mto mmoja mwembamba, na nchi nyingine ambayo kwa mujibu wa sheria huitwa Upande wa Pili. Watu wa huko nao wana serikali yao, na serikali yao nayo hutuita sisi Upande wa Pili. Katika jambo hilo nchi zote mbili zimeelewana kikamilifu.

Mwaka ule ulitangazwa kuwa Mwaka wa Kuunganika na Dunia. Wizara ya Elimu ya Juu na Nidhamu iliagiza kila mhadhiri awaunganishe wanafunzi wake, kwa njia ya mtandao, na wanafunzi wa nchi nyingine, wasome pamoja bila mtu kupanda ndege, maana ndege ilikuwa moja na Rais alikuwa ndani yake. Baada ya hapo mhadhiri aandike makala kuhusu mabadilishano hayo na kuichapisha katika jarida la kitaaluma la nje. Ambaye angemaliza mwaka bila kuchapisha, mkataba wake usingeongezwa. Agizo jingine, la wizara hiyohiyo, lilisema hakuna makala itakayotoka nje ya mipaka bila kupitishwa na Idara ya Usafi wa Fikra. Idara hiyo ilikuwa haijawahi kupitisha makala yoyote, jambo lililoonyesha jinsi inavyofanya kazi yake kwa makini.

Wahadhiri wengi walichagua nchi za mbali zenye theluji. Wanafunzi wetu walipokuwa macho, wa kule walikuwa usingizini. Wa kule walipoamka, kwetu zamu ya umeme ilikuwa imepita. Makala zilizotokana na mabadilishano hayo zilikuwa fupi.

Dakta Sikudhani Mbaruku, mhadhiri wa historia, mwanamke wa makamo aliyezoea kumaliza sentensi zake, alichagua Upande wa Pili. Saa ni ileile, alisema, lugha ni ileile, na hata umeme ukikatika hukatika kote kwa pamoja kwa sababu bwawa ni moja. Ombi lake likapita. Ofisa aliyelipitisha alijitetea baadaye kwamba aliposoma maneno "Upande wa Pili" alidhani anaambiwa ageuze karatasi.

Mwenzake wa huko alikuwa Dakta Feruzi Lwanda, bwana mpole mwenye kikohozi kisichoisha. Hawakuwahi kukutana ana kwa ana. Walijuana kwa uso wa skrini, kuanzia kifuani kwenda juu, na kwa kazi waliyoifanya ilitosha.

*

Wanafunzi walipangwa wawiliwawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Kila jozi ilitakiwa kuandika ukurasa mmoja kuhusu siku inayosherehekewa na pande zote. Siku hiyo ni moja tu, Siku ya Ushindi wa Kidaraja, na kazi ilionekana rahisi.

"Ndiyo siku tuliyowapiga pale Kidaraja," alisema Siwema, msichana wa huku, akimweleza Kabwela, kijana wa kule. "Mkakimbia mpaka mkaacha viatu."

"Mbona sisi ndio tuliowapiga nyinyi?" alisema Kabwela. "Viatu vyenu viko kwenye makumbusho yetu. Nimeviona."

"Vyenu viko kwetu. Vimewekewa kioo na taa."

Walibishana wiki nzima, na jozi nyingine zikabishana vilevile, hadi wengine wakawa wanazima kamera kwa hasira. Siwema alitaka abadilishiwe mwenzake. Alikuwa ameimba wimbo wa Kidaraja tangu chekechea, akasema hawezi kukaa akisikiliza mtu anamwambia wimbo wake ni uongo. Dakta Sikudhani hakumbadilishia. Yeye na Dakta Feruzi waliwaambia wanafunzi wakawatafute watu waliokuwepo vitani, wawaulize, kisha warudi.

Wakaenda. Waliowapata walikuwa wazee, na wengi wao walitazama kwanza dirishani kabla ya kujibu. Lakini walijibu. Wa huku walisema kwamba asubuhi ile kulikuwa na ukungu, kwamba bunduki ya mtu ililia kwa bahati mbaya, na kwamba baada ya hapo kila mmoja aliona ni busara kurudi nyumbani. Wa kule walisema hivyohivyo, ila ukungu wao ulikuwa mzito zaidi.

"Sasa babu," Siwema alimuuliza mmoja, "kama mlikimbia, mlijuaje kwamba na adui amekimbia?"

"Nilisikia miguu yao," akajibu mzee. "Ilikuwa inakwenda upande mwingine."

Siwema alirudi kwenye skrini akasimulia aliyoyasikia. Kabwela naye akasimulia ya kwao, akiwa amejikunyata. Kisha mmoja wao akaanza kucheka, na hadi leo kila mmoja hudai kwamba alikuwa mwenzake.

*

Ndipo Dakta Sikudhani na Dakta Feruzi wakaandika makala yao. Walieleza jinsi wanafunzi walivyogombana, jinsi walivyotafuta ushahidi, na jinsi walivyojifunza kusoma historia ya kwao kwa macho ya jirani. Katikati ya makala palikuwa na sentensi hii: "Kwa mujibu wa mashuhuda wa pande zote mbili, majeshi yote mawili yalikimbia." Walikusudia kuipeleka kwenye jarida moja la mbali linaloshughulikia masomo ya kubadilishana kwa mtandao tu, linalosomwa na watu wachache lakini wakali.

Kwanza makala ilipita kwa Mkuu wa Chuo, Profesa Ngwamba. Huyu alikuwa mwanazuoni wa ajabu. Kwa desturi ya chuo jina lake lilitangulia katika kila kilichoandikwa hapo, hivyo alikuwa bingwa wa madaraja, ufugaji wa nyuki, ukunga na magonjwa ya minazi.

"Kazi nzuri sana, Dakta," alisema. "Nimeandika vizuri. Ila huyu Lwanda ni nani?"

"Ni mwandishi mwenzangu."

"Wa wapi?"

"Wa Upande wa Pili."

Profesa Ngwamba aliondoa jina lake kwenye makala kwa mkono wake mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kitaaluma, akaisukuma kwenda Idara ya Usafi wa Fikra.

Katika dunia ya wasomi kuna utaratibu wa kuhakiki makala ambapo mhakiki hajui jina la mwandishi, wala mwandishi hajui jina la mhakiki, ili pasiwe na upendeleo. Idara ilikuwa imeuboresha. Kwao, mhakiki hakuruhusiwa kuisoma makala yenyewe, asije akashawishika nayo. Aliyeruhusiwa kusoma ni Katibu Mkuu peke yake, Bwana Hemedi Kazimoto, na ndiye aliyemwita Dakta Sikudhani ofisini.

"Dakta, sisi hatuna ugomvi na elimu," alianza Katibu Mkuu. "Tuna marekebisho mawili madogo. Hapa uliposema majeshi yote mawili yalikimbia, tumeandika: jeshi la adui lilikimbia, na jeshi letu lilisonga mbele kwa kasi kuelekea nyumbani."

"Huko ndiko kukimbia, Mheshimiwa."

"Kwa mtazamo wa raia. La pili, tumemfuta huyu Lwanda."

"Makala ni ya watu wawili. Wanafunzi nusu ni wake. Ushahidi nusu ni wake."

"Basi tutaweka kwamba wanafunzi wetu waliunganishwa na wanafunzi wengine."

"Wengine gani?"

"Wengine tu. Wa mtandaoni." Katibu Mkuu akainama mbele na kushusha sauti. "Dakta, kiti cha profesa wa historia kiko wazi. Una umri wa kukikalia. Mkataba wako unaisha lini?"

Ulikuwa unaisha mwaka huohuo, na wote wawili walilijua hilo. Dakta Sikudhani alikuwa na mama mgonjwa na nyumba ya chuo isiyovuja. Sisemi hakufikiri. Alifikiri pale pale kitini, na Katibu Mkuu alimwachia nafasi, akiwa na uzoefu wa kuwangoja watu wakifikiri.

"Sikubali," akasema Dakta Sikudhani.

"Nimekusikia," akasema Katibu Mkuu, na katika kumbukumbu za kikao ikaandikwa kwamba mwandishi amekubali kwa njia ya kukataa.

Jioni ile Dakta Sikudhani alimpigia Dakta Feruzi. Kumbe naye alikuwa ameitwa kwao, na kwao pia jeshi lao ndilo lililosonga mbele kuelekea nyumbani.

"Dada," alisema Feruzi baada ya kukohoa, "kama kunifuta kutakuokoa, nifute. Sitakulaumu."

"Nikikufuta nitakuwa nimebadilishana na nani? Mabadilishano ya mtu mmoja yanaitwa hotuba, na hotuba tunazo."

*

Kwa kuwa ilikuwa makala ya kwanza kupitishwa na Idara, Serikali iliona haifai ipelekwe kimyakimya. Ikaandaliwa Sherehe ya Kitaifa ya Kuwasilisha Makala. Uwanjani palisimamishwa jukwaa, na juu ya jukwaa meza, na juu ya meza kompyuta iliyofungwa utepe wa rangi za bendera. Wanafunzi waliletwa kwa malori. Bendi ya jeshi ilikuwepo, na Waziri wa Elimu ya Juu na Nidhamu alihutubia juu ya umuhimu wa kuunganika na dunia bila kuchanganyika nayo.

Alipomaliza, Waziri alishika mkasi na kukata utepe. Pamoja na utepe alikata waya wa mtandao. Watu walipiga makofi. Fundi alipokuwa akiunga waya chini ya meza, bendi ilipiga wimbo wa Kidaraja mara nyingi kiasi kwamba mpiga tarumbeta mmoja aliomba kukaa.

Waziri alitaka kubonyeza kitufe yeye mwenyewe, lakini tovuti ya jarida ilidai neno la siri la mwandishi, na neno hilo lilikuwa kichwani mwa Dakta Sikudhani. Ikabidi apewe kiti. Mbele yake palikuwa na kipaza sauti, ili taifa lisikie kinachoendelea.

Aliingiza neno lake la siri. Alipofika mahali pa kuambatisha makala, alichomeka kifaa cha kumbukumbu alichokuja nacho mfukoni, na hakuna aliyeshtuka, kwani pale jukwaani hakuna mwingine aliyewahi kuwasilisha makala popote. Kabla ya kupokea, jarida lilimuuliza maswali ya kawaida ambayo huwauliza waandishi wote. Akayasoma kwa sauti, na spika zikayabeba hadi nje ya uwanja.

"Wanauliza kama waandishi wote waliofanya kazi hii wametajwa. Nimejibu ndiyo. Dakta Feruzi Lwanda na mimi."

Katibu Mkuu aliacha kutabasamu.

"Wanauliza kama matokeo yaliyoandikwa ndiyo yaliyopatikana. Nimejibu ndiyo. Majeshi yote mawili yalikimbia."

"Dakta," alisema Katibu Mkuu, akiwa amesimama, "rudi nyuma."

"Hakuna kitufe cha kurudi, Mheshimiwa. Imekwenda."

Kiongozi wa bendi, aliyekuwa ameagizwa apige mara tu litakaposemwa neno "imekwenda", aliinua fimbo yake, na shamrashamra zikaanza. Waziri alipunga mkono. Wanafunzi waliokuwa karibu na spika ndio walioelewa, na Siwema, aliyekuwa mstari wa mbele, alisimama peke yake akapiga makofi huku akilia.

*

Dakta Sikudhani alifukuzwa kazi kabla viti havijakusanywa, akafikishwa kituoni kwa kosa la kulikimbiza jeshi bila kibali. Hakukaa sana. Mwendesha mashtaka alihitaji askari mmoja wa enzi zile aje aape kwamba hakukimbia. Kila aliyeitwa alikuwa anaumwa. Wakamwachia, wakamnyang'anya nyumba, naye akahamia na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya ukumbi wa harusi wa shangazi yake Siwema.

Huko ndiko yalikomfikia majibu ya jarida. Mhakiki wa kwanza alisifu kazi na kulalamikia mikato. Mhakiki wa pili hakusifu kitu. Alisema mashuhuda ni wachache, kwamba wazee waliohojiwa kila upande kivyake huenda walitaka tu kuwafurahisha vijana, na kwamba iwapo makala inahusu mabadilishano, kwa nini mashuhuda wenyewe hawakukutanishwa?

"Huyu angekuwa kwetu wangempa Idara," alisema Dakta Sikudhani akiwa amechukia. Alizunguka chumbani, akarudi kusoma tena. "Ila anasema kweli."

Dakta Feruzi, ambaye kwao alisimamishwa kazi kwa kosa hilohilo, naye alisema ni kweli tupu. Basi wakaanza kuwatafuta wazee tena. Safari hii hawakuhitaji kuwatafuta sana. Habari ya uwanjani ilikuwa imeenea, na wazee walikuja wenyewe, na fimbo zao, na wake zao wakiwafuata nyuma kuhakikisha hawabadili nia. Siku iliyopangwa walikaa katika ukumbi wa harusi katikati ya maua ya plastiki. Mzee Kilumbi, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alipewa kiti cha bwana harusi, akitazamana na skrini kubwa ya kuonyeshea picha za maharusi. Upande mwingine wa skrini walikaa wazee wa kule, na kule mbele alikuwa Mzee Ntale.

Dakta Sikudhani aliwaeleza kwamba kwa kawaida utafiti huficha majina ya wanaohojiwa, ili wasipate madhara.

"La kwangu usifiche," alisema Mzee Kilumbi. "Miaka yote nimeitwa shujaa kwa jambo nisilolifanya. Nataka niandikwe kwa nililolifanya."

Walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuelezana nani alisimama wapi, Mkuu wa Polisi wa wilaya akaingia na askari wake. Alisalimia vizuri, akatangaza kwamba mkutano hauna kibali, akaamuru skrini izimwe na kila mtu atoke mara moja. Siwema alisimama mbele ya swichi. Askari walimtazama mkubwa wao.

"Wazee wangu, tokeni," alisema Mkuu wa Polisi. "Sitaki kutumia nguvu."

Mzee Kilumbi hakunyanyuka katika kiti cha bwana harusi.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilishakimbia mara moja. Kulikuwa na ukungu, nilikuwa na miaka ishirini, na mbele yangu kulikuwa na bunduki nisizoziona. Nilikuwa na sababu. Wewe nakuona. Sikimbii tena."

Wazee wote walibaki vitini. Mkuu wa Polisi aliangalia fimbo zile, zile baibui, na yale macho yaliyojaa kwenye skrini yakimtazama kutoka nchi ambayo hakuwa na mamlaka nayo. Nadhani alipiga hesabu ya jinsi ya kumbeba mzee mmojammoja hadi kwenye gari mbele ya nchi mbili. Akasema atarudi na kibali cha kuvunja mkutano usio na kibali, akaondoka.

"Haya, ndugu yangu," Mzee Kilumbi aligeukia skrini. "Ulikimbilia wapi?"

"Kwenye mihogo," akajibu Mzee Ntale. "Na wewe?"

"Kwenye mtama. Mihogo ingenifaa zaidi."

*

Makala ilitoka kabla ya mwaka kwisha, ikiwa na majina mawili ya waandishi na majina ya wazee wote kwa ombi lao wenyewe. Ile sentensi haikuguswa, isipokuwa mhakiki wa kwanza alipata mkato wake. Serikali zote mbili zilitangaza siku moja kwamba makala hiyo haipo na kwamba ni marufuku kuisoma. Mkataba wa Dakta Sikudhani haukuongezwa, kwa sababu makala isiyokuwepo haihesabiki. Yeye aliendelea kufundisha ukumbini siku zisizo na harusi, na Dakta Feruzi aliendelea kukohoa kwenye skrini, na wanafunzi waliokuja, wa huku na wa kule, walikuwa wengi kuliko alipokuwa na kazi.

Bwana Kazimoto, Katibu Mkuu, hakuridhika. Alijua wazee wanapenda nishani zao, wanazivaa hata sokoni. Akatoa agizo kwamba askari yeyote anayedai alikimbia pale Kidaraja afike ofisi ya wilaya kurudisha nishani yake ya ushindi, mbele ya waandishi wa habari. Alikusudia ionekane kwamba hatatokea mtu. Akaenda mwenyewe, akaketi nyuma ya meza tupu, kamera zikiwa tayari.

Wazee walikuja asubuhi. Mzee Kilumbi alivua nishani yake na kuiweka mezani, akataja jina lake kamili na la baba yake, akapisha. Nyuma yake alikuwepo mwingine, na nyuma yake mwingine, na mstari ulipinda kwenye kona ya ofisi ukapotelea barabarani. Wengine waliletwa kwa baiskeli. Kila aliyefika alisema neno moja tu kabla ya jina lake: "Nilikimbia." Walilisema kwa sauti kubwa, na waandishi wa habari, ambao hawakuwa wamepewa maelekezo ya kufanya nini watu wakitokea, waliandika.

Ilipofika mchana, akatokea bibi mmoja mrefu, amevaa kanga mpya, na mstari ukampisha bila kuombwa. Alikuwa mjane wa Jenerali aliyeongoza jeshi letu siku ile. Katibu Mkuu alisimama kwa heshima akamsogezea kiti. Bibi hakuketi. Alifungua pochi, akatoa nishani iliyokuwa kubwa kuliko zote, akaiweka juu ya rundo.

"Mama, hapana," alisema Katibu Mkuu kwa upole. "Hawa ni waliokimbia. Jenerali hayumo humu. Yeye ametangulia."

"Ndivyo alivyoniambia, baba," akajibu bibi. "Alitangulia. Hawa walimfuata."